Mtumbwi wa Twalha

Mwaka huo korosho zilipata bei, na Hadija akafaulu kwenda kidato cha kwanza. Mambo mawili mema yakifuatana katika nyumba ya mkulima wa Mkotokuyana, watu huanza kujiuliza la tatu litakuwa nini. Mwamina hakutaka kungoja. Alimwambia mumewe ampeleke mtoto Ruangwa, kwa Twalha, akapande mtumbwi.

"Wenzake wote wameshapanda," alisema. "Asije akaingia sekondari hana la kusimulia."

"Na wewe je?" Ausi alimuuliza.

"Korosho za uani nimwachie nani, mbuzi wa jirani? Nendeni."

Basi Ausi akampakia binti yake nyuma ya pikipiki, wakaondoka asubuhi na vumbi lao. Hadija alivaa gauni la Idi, na chini ya gauni alivaa kaptura ya michezo ya shule ili akiloa asiumbuke. Hilo alilifikiria mwenyewe. Alikuwa mtoto wa kufikiri mambo kabla hayajamfika.

Kwa Twalha palikuwa na bwawa la kuogelea, bembea, banda la chipsi na spika iliyonguruma tangu asubuhi. Lakini kilichowatoa watu Nachingwea, Mandawa na Malolo ni mtumbwi. Ulikuwa mwekundu, wa plastiki ngumu, wenye magurudumu ya chuma chini yake. Winchi iliuvuta kwa waya juu ya reli mpaka kileleni mwa mnara, kisha ukateremka upande wa pili pamoja na maji, ukaingia bwawani kwa kishindo. Waliokuwa ndani walipiga mayowe, waliosimama nje waliloa, na wote walicheka. Twalha aliununua mkuukuu Dar es Salaam, katika bustani iliyofungwa. Hakuna aliyemuuliza bustani hiyo ilifungwa kwa nini.

Kwenye winchi alikaa Augustino, Mngoni wa Songea aliyekuja Ruangwa kutafuta kazi migodini, akaishia kuvuta watoto. Mngoni na Mmwera ni watani tangu enzi za mababu, Wangoni walipokuja na mikuki na Wamwera wakakimbilia milimani. Vita viliisha, yakabaki matusi yasiyokasirisha. Mtani akikwambia utakufa leo, unamjibu atangulie yeye. Mtani akikamata kuku wako, humdai. Na msibani yeye ndiye mwenye ruhusa ya kusema lolote, hata mbele ya maiti, na hakuna wa kumnunia. Ausi na Augustino walijuana minadani, na kila walipokutana watu walisogea kusikiliza.

"Naona leo Wamwera wametoka pangoni," Augustino alisema.

"Tumesikia Wangoni wamepata kazi ya punda, tukaja kuona kwa macho."

Foleni nzima ikacheka. Hadija naye akacheka, tiketi mkononi. Augustino aliitazama ile tiketi, akamtazama mtoto, kisha akageuza uso kwenye dirisha la tiketi alikokaa Twalha. Akacheka kidogo kabla ya kusema.

"Mtani, mrudishe huyu kwa mama yake. Waya wangu umechoka. Leo utakatika, na wewe utarudi kwenu na maiti."

Alikuwa anasema kweli. Waya ulikuwa umechomoza nyuzi, na Twalha alimwagiza auzungushie mpira wa tyubu ya baiskeli, watoto wasijichome. Chini ya mtumbwi palikuwa na ulimi wa chuma ulioshika meno ya reli ili mtumbwi usirudi nyuma. Ulimi ulivunjika, ukawa unangoja fundi wa kuchomelea, na fundi akawa anangojeshwa mpaka msimu wa sikukuu upite. Augustino aliyasema yote hayo kwa tajiri wake, akajibiwa kwamba asiyetaka kazi mlango uko wazi. Kumwambia kila mzazi aliyepanga foleni hakuthubutu. Lakini kwa huyu mmoja, mtani wake, aliona upenyo: atasema kwa utani, tajiri asikie utani, na mwenye mtoto asikie kweli. Masikini, hakukumbuka kwamba sisi tumezoea kuambiwa na watani kwamba tutakufa.

"Mngoni anaogopa maji," Ausi alisema. "Vuta, punda wewe."

"Mtani, nakwambia."

"Na mimi nakwambia vuta. Ukifa wewe nitakuja kula ubwabwa wako."

Watu walicheka wakashikana mabega. Augustino alitazama tena dirishani, akakuta Twalha anamtazama. Watoto wakapanda, naye akabonyeza swichi.

Mtumbwi ulipokaribia kilele ulisikika mlio kama wa gobore. Waya ukaruka hewani, na mtumbwi ukarudi kinyumenyume na watoto wake mpaka ukagonga ukingo wa zege. Wengine walivunjika mikono, wengine waling'oka meno. Hadija alikuwa amekaa nyuma kabisa, kwa sababu aliwaachia wadogo nafasi za mbele. Baba yake alipomnyanyua, kichwa kililegea upande mmoja kikabaki huko huko. Spika iliendelea kuimba mpaka mtu alipokwenda kuchomoa waya wa umeme.

*

Hospitalini Ausi aliambiwa alete shuka. Hakuwa na shuka. Alitoka akanunua khanga dukani kwa mama mmoja aliyemsisitiza achague rangi, akidhani ni zawadi ya mtu. Ausi akachagua rangi.

Twalha alitoa pikapu ya kusafirisha maiti, na watu wakamsifu. Dereva aliomba mtoto alazwe nyuma kwenye bodi, maana viti vilikuwa vipya na vilikuwa bado kwenye nailoni. Basi Ausi akakaa nyuma pamoja na binti yake, mkono mmoja juu ya kichwa chake kisigongwegongwe na mashimo ya njia, kutoka Ruangwa mpaka Mkotokuyana.

Mwamina alikuwa uani anaanua korosho. Aliona pikapu, akaona mumewe amekaa nyuma, akaona khanga mpya. Hakulia mara moja. Alizivuka korosho kwa uangalifu asizikanyage, akaja akashika ukingo wa gari.

"Imekuwaje?"

"Waya ulikatika."

"Hakuna aliyejua kama ni mbovu?"

"Hakuna."

Neno hilo lilimtoka Ausi upesi, kabla hajalipima. Mtu akishasema neno la namna hiyo mbele ya mama wa maiti, kulirudisha ni kazi. Kila saa inayopita inalifanya kuwa zito zaidi.

Hasani, kaka yake Mwamina, alifika kutoka Malolo na ndugu zake. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, baba ni mlezi tu, na siku mambo yakiharibika mjomba ndiye anayeuliza. Hasani alikaa mkekani, akangoja dua iishe, akauliza kwa upole.

"Shemeji, mtoto wetu tulikuachia wewe. Tueleze."

"Waya ulikatika, shemeji. Hakuna aliyejua."

"Basi ni kazi ya Mungu," alisema Hasani, na wazee wakaitikia. Mungu wa masikini ana kazi nyingi sana. Hata waya wa tajiri ukioza, inasemekana ameuozesha yeye.

Siku ya maziko Augustino alikuja, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Watu walifurahi kumwona, kwa sababu msiba usio na mtani ni mzito kuubeba. Walimngojea aingie kaburini na kukataa kutoka mpaka alipwe, walimngojea amnyang'anye imamu kofia. Hakufanya hata moja. Alishika jembe, akachimba na vijana, akafukia, akanawa mikono, akasimama pembeni kama mtu aliyekuja kuomba maji.

"Mtani gani huyu?" mzee mmoja alinung'unika. "Au Songea siku hizi wamekatazwa?"

Mwamina aliliona hilo kutoka walikokaa wanawake. Aliona pia kwamba mumewe alizunguka kaburi lote akapeana mikono na watu wote, ila na mtani wake hakupeana.

*

Siku chache baadaye waliitwa kituoni Ruangwa. Twalha alipewa kiti. Ausi na Mwamina walielekezwa kwenye benchi la ukutani, karibu na mtu aliyekamatwa na kuku wa wizi, na kuku mwenyewe akiwa kielelezo miguuni pake. Wazazi wa watoto waliovunjika walikwishapewa fedha za matibabu, wakasema hawana neno. Alibaki huyu mmoja, aliyefiwa.

Mpelelezi alikuwa kijana wa Mara, mstaarabu, mwenye homa ya mafua. Alianza na Augustino.

"Nieleze wewe uliyekuwa kwenye winchi."

"Waya ulikuwa mbovu, afande. Na ulimi wa kuzuia ulikuwa umevunjika. Nilimwambia tajiri. Siku yenyewe nilimwambia na baba wa mtoto asimpandishe."

Mwamina aligeuka akamtazama mumewe.

Twalha alitikisa kichwa kwa huzuni. Yawezekana hata huzuni yenyewe ilikuwa ya kweli, maana alikuwa na mabinti.

"Afande, huyu ni Mngoni na yule ni Mmwera. Foleni nzima iliwasikia. Mmoja anamwita mwenzake punda, mwenzake anajibu utarudi na maiti, watu wanacheka. Ule utani leo ndio unageuzwa onyo? Mimi sijaambiwa habari ya waya na mtu yeyote. Na kama alijua ni mbovu, mbona aliuvuta?"

"Mbona uliuvuta?" mpelelezi aliuliza.

"Niliogopa kukosa kazi," Augustino alisema, akainamisha kichwa.

"Kwa hiyo uliogopa kukosa kazi, hukuogopa kuua."

Mpelelezi alipenga kamasi, akamgeukia Ausi.

"Mzee, pole sana. Hapa nategemea neno lako. Ulikuwepo, na wewe ndiye uliyeambiwa. Kama alikuonya, basi ubovu ulijulikana, na mwenye chombo itabidi anieleze kwa nini alikata tiketi. Kama mlikuwa mnataniana tu, basi sina cha kushika. Alikuonya, au alikutania?"

Ausi alielewa vizuri. Hakuwa mjinga. Akisema ameonywa, Twalha hataondoka kwenye kile kiti kwa urahisi. Lakini Mwamina atajua kwamba mtoto wake aliombewa na mgeni, na baba yake akasema vuta. Hasani atajua, na Malolo nzima itajua. Ausi alihisi macho ya mkewe shavuni. Hakugeuka kuyatazama.

"Ulikuwa utani tu, afande."

Kuku alipiga mbawa. Mpelelezi akafunga kalamu yake. Augustino alimtazama mtani wake kwa muda, bila hasira, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mwenzake.

Nje, Twalha alimfuata Ausi akampa bahasha kwa mikono miwili.

"Rambirambi, mzee wangu. Tuko pamoja."

Ausi akaipokea, na yeye kwa mikono miwili, kwa sababu ndivyo alivyolelewa kupokea vitu.

Walikuwa wamekwishapita njia panda ya Nachingwea ndipo Mwamina alipomsemesha, mdomo karibu na sikio lake kwa ajili ya upepo wa pikipiki.

"Mbona hukuniambia kwamba alisema maneno yale?"

"Utani wa kwenye foleni ndio wa kusimulia msibani?"

Mwamina aliondoa mdomo sikioni pake. Waliingia kijijini hivyo hivyo, akiwa amemshika kiunoni, maana usipomshika mwenye pikipiki utaanguka.

Twalha alinunua waya mpya. Mtumbwi ulipakwa rangi ya bluu, na kabla ya mwaka mpya ulikuwa unapanda mnara tena. Augustino alifukuzwa kwa kuharibu jina la biashara. Ulimi wa chuma haukuchomelewa. Nao hakuna aliyeuliza habari zake.

*

Arobaini ilipofika walisoma hitima, wakala. Ilibaki kuanua tanga. Mwamina na wanawake wa ukoo wake walikuwa wamefunga vipande vya kaniki vichwani tangu siku ya maziko, na Hasani alikuwa tayari kuvifungua mbele ya watu, ili wenye msiba warudi mashambani na wacheke tena kama binadamu wengine. Ausi aliingojea saa hiyo kuliko mtu yeyote. Alijiambia kwamba tanga likishaanuliwa, na lile neno litazikwa.

"Mtani wetu haji?" Hasani aliuliza. "Hatuwezi kuanua tanga kavukavu."

"Ataona aibu," alisema Ausi. "Tuendelee tu, shemeji."

Lakini watoto walikuwa wanapiga kelele njiani. Augustino alikuwa anakuja, suruali imekunjwa mpaka magotini, anaburuta beseni jekundu kwa kamba ya katani. Watu wakaanza kucheka kabla hajafika. Hatimaye mtani alikuwa amekuja kufanya kazi yake.

Aliingia uani bila kupiga hodi, akavua kofia ya Ausi kichwani pake, akaivaa yeye. Ndiyo haki ya mtani. Akaliweka beseni katikati ya mkeka.

"Tiketi, tiketi," alisema kwa sauti nzito ya Twalha. "Mtumbwi mpya kutoka Dar. Ukiulizwa umefungwaje, sema kwa kamba."

Watu walicheka. Hata imamu aliangalia pembeni akificha meno. Augustino akaivua kofia, akawa yeye mwenyewe, na sauti yake ikashuka.

"Tajiri, ulimi umevunjika."

Akavaa kofia. "Mlango uko wazi."

Akavua kofia. "Mtani, mrudishe huyu kwa mama yake. Waya wangu umechoka. Leo utakatika."

Akavaa kofia, akatanua kifua na kushika kiuno, jinsi Ausi anavyosimama. Alimpata kweli kweli, mpaka watoto wakapiga makofi.

"Mngoni anaogopa maji. Vuta, punda wewe."

"Mtani, nakwambia."

"Na mimi nakwambia vuta."

Kicheko kilianza kupungua, kwanza upande wa wanawake. Augustino hakungoja. Alikaa chini mkekani kama mtu aliyekaa kwenye benchi, kofia ya Ausi kichwani, akaangalia mbele tu, asigeuke kulia wala kushoto.

"Ulikuwa utani tu, afande."

Kisha akavua kofia, akaiweka ndani ya beseni, na hapo sura yake ikamshinda. Akalia waziwazi, mtu mzima, mbele ya watoto waliokuwa wanangoja aendelee kuchekesha. Mzee aliyenung'unika siku ya maziko alitaka kucheka, akakuta yuko peke yake, akakohoa.

Mwamina alisimama. Alikwenda mpaka kwenye beseni, akaitazama ile kofia.

"Baba Hadija," alisema. "Na haya nayo ni utani?"

Mlango ulikuwa wazi bado. Kwa desturi zetu mtani anaweza kusema mtu amemla mama yake, na kesho wakanywa chai pamoja. Ausi angesema ndiyo, ni utani, na hakuna sheria ya msiba ambayo ingempinga. Hasani mwenyewe alikuwa anamtazama kama mtu anayemwomba aseme hivyo. Ausi alifumbua mdomo, na alichokiona si Mwamina wala Hasani. Alimwona Hadija anawasogeza wadogo mbele, anajibana nyuma, anageuka kumpungia yeye mkono.

"Alinionya," alisema. "Alinionya mara mbili. Nilisikia. Nilitaka watu wacheke."

Hasani aliweka chini kile kisu kidogo alichokuja nacho kwa ajili ya kukata vifundo vya kaniki.

"Kwa hiyo Twalha alijua," alisema.

"Alijua."

"Na wewe ukamwachia."

Mwamina alikuwa amekwishaanza kulegeza kaniki kichwani pake wakati mtani anaingia, na sasa ilikuwa inaning'inia shingoni. Aliinyanyua, akairudisha kichwani, akaifunga kwa nguvu mpaka ngozi ya paji la uso ikavutika. Wanawake wa ukoo wake wakamtazama, kisha mmoja mmoja wakagusa vichwa vyao, wakakaza vifundo.

"Tanga halijaanuliwa," Mwamina alisema. "Kesho utakwenda Ruangwa na mimi na kaka yangu na huyu mtani wako. Utasema kwa yule kijana wa polisi maneno uliyosema hapa. Akikataa kuyaandika, utarudi siku nyingine uyaseme tena. Siku yakiandikwa, nitaivua. Na wewe siku hiyo ndiyo utaingia ndani kulala. Kabla ya hapo barazani panakutosha."

Alimwinua Augustino kwa mkono, akampeleka kunawa uso, kisha akampakulia chakula. Wageni hawakujua kama waondoke au wakae. Ausi aliinama akaichukua kofia yake ndani ya beseni, akaishika mikononi, asiivae.